Asubuhi Tuliyoposa Ndani ya Ukungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyapa maji namna nyingi za kuwepo: mara mto, mara mvua, mara umande juu ya jani, na mara ukungu, ambao huwezi kuushika ingawa umekulowesha hadi ndevuni. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa meno machache aliyoniachia, na kwa kunifikisha leo nikiwa bado naweza kucheka. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo, nataka kusimulia asubuhi moja ya Midrand.

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia Morogoro, katika shule ya sekondari iliyo chini ya milima ya Uluguru, na jioni nilifundisha dini msikitini. Somo la ukungu nililipenda kuliko masomo yote kwa sababu lilikuwa linapita dirishani. Upepo wenye unyevu ulitoka upande wa bahari, ukafika mlimani, ukakosa njia, ukalazimika kupanda. Hewa ikipanda hupanuka, ikipanuka hupoa, na ikipoa hushindwa kubeba mvuke wake. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wamfikirie mzee anayetoka sokoni na mifuko. Akiwa na nguvu anabeba vyote, wala huoni kitu. Magoti yakimpoa, anaanza kudondosha vitunguu. Ukungu ndio vitunguu vya hewa. Mwanafunzi mmoja aliandika hivyo hivyo kwenye mtihani, msahihishaji akampa sifuri, na baba yake akawa ananitafuta mjini.

Huko huko Morogoro nilimwoa binti wa Kizulu aliyekuwa uhamishoni pamoja na wenzake, wakingoja nchi yao ifunguke. Ilipofunguka alinifungasha pamoja na masufuria yake, akanileta Johannesburg. Tukapata nyumba Mayfair karibu na msikiti, na hapo ndipo nilipozeekea, alhamdulillahi, nikifundisha watoto Kurani baada ya alasiri. Watoto hao hunisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na wakitaka kunisengenya hutumia Kizulu, wakisahau nimelala na Kizulu nyumba moja miaka yote hii.

Sasa, marehemu dada yangu aliacha mtoto wa kiume, fundi umeme, kijana mpole, aliyetufuata huku na kukaa nasi. Huyo mpwa wangu alimpenda binti mmoja wa Midrand. Binti alikuwa akija kusoma dini kwa mke wangu, akasilimu kwa hiari yake, na nyumbani kwao hawakugomba juu ya hilo. Waligomba juu yetu. Baba yake mdogo hakutaka kusikia habari ya wageni. Mwenye kauli ya mwisho, hata hivyo, alikuwa babu yake, mzee wa Kizulu wa desturi, naye alituma neno: "Mungu wao simjui vizuri. Wao nitawajua langoni."

Maana yake ni hii. Kwa Wazulu, washenga hufika alfajiri kabla jua halijachomoza. Husimama nje ya lango na kupaza sauti wakitaja sifa za ukoo wa binti. Yule baba mdogo wa binti, kwa kuwa hakuweza kumpinga mzee, aliongeza lake. "Alfajiri moja tu," alisema. "Jua likiwatangulia, warudi kwao. Na nikisema kwao, sina maana ya Mayfair."

Kijana wetu aliposikia hayo akaacha kula. Alikaa mezani akiutazama wali kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mke wangu, ambaye hawezi kuvumilia chakula kikirudi jikoni, ndiye aliyeteua washenga. Mimi kwa kuwa ni mjomba. Wa pili, fundi cherehani kutoka Bukavu mwenye kibanda Rosettenville, Mkristo, kiongozi wa kwaya, ambaye kwa kuwashonea Wazulu sare za kanisa alikuwa amejua Kizulu kunishinda mimi. Wa tatu, mwenye duka la viungo na kanzu hapo Mayfair, mtu wa Tanga, rafiki yangu wa siku zote. Huyu aliteuliwa kwa sababu ana gari.

Mke wangu alituketisha sebuleni akatufunda.

"Mkifika mnasimama nje ya lango. Mnataja sifa zao zote, tangu babu wa mababu. Hawatawajibu."

"Kwa nini wasijibu?" akauliza mwenye duka. "Mgeni akipiga hodi hajibiwi?"

"Wanawapima."

"Wakitupima hadi adhuhuri?"

"Mtapiga kelele hadi adhuhuri. Na akitokea mzee, macho chini. Ukimkodolea macho mzee wa watu umemtukana. Wewe hasa, shemeji, maana wewe unamkodolea macho hata maiti."

"Shemeji, mimi?"

"Kwenye msiba wa juzi ulimtazama marehemu mpaka watu wakadhani anakudai."

Kisha akatusomesha zile sifa. Sitaziandika hapa, ni mali ya wenyewe. Fundi alizishika jioni ile ile, kwa kuwa alizitia kwenye wimbo. Mimi nilishika nusu. Mwenye duka alishika mwanzo na mwisho, akasema katikati atakohoa.

Ilikuwa majira yale ambapo mvua zinaaga na baridi inaanza kubisha. Siku ya kuamkia safari ilinyesha mchana, kisha mbingu ikasafishika. Baada ya magharibi tulikuwa tumesimama nje ya duka, nami nikatazama juu, nikasikiliza kama kuna upepo. Haukuwepo.

"Kesho Midrand kutakuwa na ukungu," nikasema.

Mwenye duka akainua uso. "Mwalimu, mbingu imefagiliwa. Na nyota zote hizo, ukungu utoke wapi?"

"Utatoka kwenye nyota hizo hizo."

"Astaghfirullah."

Nikamweleza. Mawingu ni blanketi la ardhi. Usiku usio na mawingu ardhi hulala bila kufunikwa, joto lake lote likapanda mbinguni. Hewa iliyolala juu yake nayo hupoa, na kama mvua imenyesha na upepo haupo wa kuivuruga, hudondosha mvuke wake pale pale. Kisha hewa hiyo baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka taratibu na kujaa mabondeni kama uji kwenye bakuli. Sisi wa Mayfair tuko juu, tutaamka na nyota. Nyumba ya wakwe iko bondeni.

"Na itatoka lini, ile kitu?" akauliza fundi.

"Jua likipanda. Jua likipasha ardhi, ukungu wa namna hii huisha wenyewe."

Fundi akafikiri, akahesabu kwa vidole vyenye alama za sindano. "Bon. Ukungu inangoja jua. Sisi tunakatazwa kungoja jua. Sasa muzee, lango tutaiona na nini?"

Nilijibu kwamba Mungu ndiye Mfunguzi. Jibu hilo ni kweli tupu, na ndilo mwalimu hulitoa akiwa hana jingine.

Tuliondoka mapema, tukiwa tumevaa makoti juu ya kanzu, na fundi kajifunga tai. Mayfair nyota zilikuwa zinameremeta, na mwenye duka alinionyesha moja moja kwa kidole huku akiendesha. Tulipoanza kuteremka kwenda Midrand alikirudisha kidole kwenye usukani. Mbele yetu taa za barabarani zilikuwa zinazima moja baada ya nyingine, kumbe hazikuzimwa, zilimezwa. Kisha na sisi tukamezwa.

"Ya Latifu," akasema, akatoa kichwa dirishani kutafuta taa za njia panda, ambazo huku huitwa roboti. "Hata roboti siioni. Hii nyekundu au kijani?"

"Hakuna roboti hapa," nikamwambia. "Hiyo ni taa ya nyuma ya lori."

Alisimama ghafla hata tai ya fundi ikamfunika uso. Tukasubiri lori liende zake. Mwenye duka, ambaye zamani aliwahi kukaa pwani ya magharibi upande wa Rasi, kule kusini, akasema huko nako aliona ukungu mzito, lakini ule ulikuwa unatembea, unatoka baharini unaingia mjini kama mtu mwenye shughuli.

"Ule ni wa namna nyingine," nikasema. "Bahari ya kule ni baridi sana. Hewa yenye joto na unyevu ikipita juu yake inapozwa na maji, inakuwa ukungu, kisha upepo unausukuma nchi kavu. Ndiyo maana unatembea. Huu wa leo haujasafiri popote, umezaliwa hapa hapa. Kuna na mwingine wa mvua, wakati matone ya mvua yenye uvuguvugu yanapoanguka ndani ya hewa baridi iliyo chini..."

"Mwalimu."

"Naam."

"Ukungu nimeshauona. Niambie barabara iko wapi."

Simu yake ndiyo ilikuwa inatuongoza, kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Alituingiza barabara ya vumbi, akatupitisha kwenye harufu ya mikaratusi, kisha akatangaza kwamba tumefika, akanyamaza kama mtu aliyenawa mikono. Mpwa wangu alikuwa ametuambia: baada ya mikaratusi, lango la chuma, nguzo mbili. Tukashuka tukipapasa. Nikagusa nguzo. Fundi akagusa ya pili. Katikati palikuwa na lango la chuma. Tulishukuru. Baadaye ndipo tulipojua kwamba kila lango la barabara ile lina nguzo mbili, jambo ambalo kijana, kwa mapenzi, hakuwahi kuliona.

Tulisali alfajiri pale pale, mimi na mwenye duka, juu ya busati la gari. Fundi alisimama barabarani akiwasha tochi ya simu.

"Muombe tu, bazee," akasema. "Mie nitaangalia motokari zisiwakanyage."

Tukamaliza. Fundi akasogea langoni, akavuta pumzi, akaachia sauti. Wallahi, nimesikia waadhini wengi, lakini sauti ile ya kwaya ilikwenda ndani ya ukungu kama treni. Alimtaja babu wa ukoo, na babu wa babu, na sifa za kila mmoja, na ng'ombe zao, na mito waliyovuka. Mwenye duka aliingia mwanzoni, akakohoa katikati, akarudi mwishoni.

Kimya.

"Wanatupima," nikasema kwa furaha.

Fundi akarudia. Kimya. Akarudia tena kwa sauti ya juu zaidi. Kimya kilikuwa kizito kuliko cha kwanza, nasi tukatazamana kwa fahari, maana tulijua hakika tuko pahali penyewe. Watu wanaotudharau vizuri namna ile hawawezi kuwa watu wasiotuhusu.

Mara tukasikia hatua upande wa pili wa lango. Hatua za taratibu, nzito, za mtu mwenye nyumba yake.

"Amekuja," fundi akanong'ona.

"Macho chini!" nikasema.

Tukainamisha vichwa wote watatu. Chini ya lango niliona ukingo wa blanketi zito unaning'inia, nikazidi kuamini, kwa kuwa mzee wa Kizulu alfajiri ya baridi atajifunika nini kama si blanketi? Pumzi nene nyeupe ikapita juu ya vichwa vyetu. Hata pumzi ni ukungu mdogo: hewa ya moto yenye majimaji ikikutana na baridi, mvuke wake unageuka matone papo hapo, kama juu ya kikombe cha chai. Niliwaza tu kwamba mzee yule alikula vizuri ujanani.

Fundi akaeleza shida yetu kwa Kizulu kizuri kabisa, kwamba tumeona ua katika nyumba hii na tumekuja kuliomba. Tukajibiwa kwa mkoromo mrefu wa puani.

"Amekasirika," akasema mwenye duka.

"Anasafisha koo. Macho chini."

"Nimeyashusha. Naona viatu vyangu tu, na kimoja si changu. Nimebadilishana na mtu msikitini jana." Kisha, kabla sijamzuia, akapaza sauti kwa Kiswahili cha Tanga: "Mheshimiwa baba! Kijana wetu hanywi, havuti, na kwa sasa hata hali! Mkimchukua hamtapata hasara!"

Chini, upande wa pili, kitu kikagonga ardhi. Ngo. Ngo.

"Anagonga fimbo," akasema fundi.

"Mara mbili. Ndiyo ndiyo, au hapana hapana?"

"Sijui, muzee. Mama hakutufundisha fimbo."

Tukaendelea. Sijui tulimnyenyekea kwa muda gani. Najua mwenye duka alifika mahali pa kumwahidi kanzu, na mimi nilimweleza habari za dada yangu, jinsi alivyomlea kijana kwa heshima. Naye alisikiliza yote kwa upole, akipumua. Nikajisemea, huyu baba mdogo ametusingizia, hawa ni watu wema.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka gizani ndani ya uwanja, kwa Kiingereza. "Samahanini. Mnahitaji msaada?"

Tukainua macho. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua unene. Juu ya lango, karibu na uso wangu kuliko ninavyomkaribia daktari wa macho, palikuwa na kichwa cha farasi mkubwa wa kijivu, amevalishwa blanketi la baridi, ananitazama kwa masikitiko.

Nyuma yake alisimama mama mmoja wa Kizungu mwenye gauni la kulalia na buti za shambani. Fundi, kwa adabu aliyokwisha kuizoea asubuhi ile, akamwambia tunamtafuta mzee wa ukoo fulani.

"Aa, jirani! Lango lake liko mwisho wa mteremko, kando ya bwawa," akasema mama. "Nami nikadhani ni ibada, sikutaka kuwakatiza. Msijali kuhusu huyu. Ni jike, amezeeka, na ni kiziwi wa masikio yote mawili."

Mwenye duka akamtazama farasi, akanitazama mimi. "Mheshimiwa mama," akasema.

Ningecheka, lakini niliona rangi. Ukungu uliokuwa wa kijivu ulikuwa umegeuka mweupe kama maziwa, na weupe huo una maana moja. Nilikuwa nimeufundisha ubaoni miaka na miaka. Jua lilikuwa linagusa juu yake.

"Kimbieni," nikasema.

Msomaji, kama hujawahi kuona wazee watatu wakikimbia mteremko wa vumbi, wawili wameshika pindo za kanzu mkononi na mmoja tai yake imempanda begani, umekosa kitu. Gari tuliliacha, kwa kuwa mwenye duka alishindwa kupata tundu la ufunguo. Tulifuata waya wa uzio kwa mkono. Fundi, Mungu amlipe, alikimbia huku akitaja sifa vipande vipande, babu huyu hapa na babu yule pale, ili isije ikasemwa tulinyamaza. Mimi nilikuwa naomba dua ambayo sikuwahi kuiomba maishani, kwamba ukungu uzidi.

Na kweli ulizidi. Tulipolikaribia bwawa ukawa mzito tena, unapanda kutoka majini kwa nyuzi nyuzi kama moshi wa ubani. Maji ya bwawa hutunza joto la jana wakati hewa juu yake imeshapoa, basi yanafuka kama sufuria. Ni ukungu wa namna nyingine kabisa, nami nikaupenda kuliko namna zote. Ndani yake tukaliona lango, nguzo mbili, na katikati mtu amesimama, amekunja mikono, kichwa kipara, simu kiganjani. Ni baba mdogo wa binti.

"Mmechelewa," akasema. Akatugeuzia simu tuone saa. "Jua limetoka zamani. Sharti mlilijua."

Hapo elimu ikanipanda kichwani. Nikamwomba fundi atafsiri. Nikasema, katika dini yetu mwezi huingia kwa kuonekana. Ukifunikwa na wingu, hatusemi umeingia kwa kuwa fulani amepiga hesabu. Basi na jua ni vivyo hivyo. Hapa langoni nani ameliona jua? Kama halijaonekana, halijatutangulia.

Ilikuwa hoja nzuri. Fundi aliitafsiri kwa madaha, neno kwa neno, na alipofikia neno la mwisho ukungu ukapasuka. Ukapasuka kama pazia, kuanzia juu, na jua likatua moja kwa moja juu ya kile kipara, likang'aa hata tukafumba macho.

Baba mdogo hakugeuka hata kulitazama. "Hilo hapo," akasema.

Jua likipanda, ukungu wa namna hii huisha wenyewe. Nilisema mwenyewe.

Nikamkumbuka kijana aliyekaa Mayfair na simu mbele yake. Nikawaza jinsi nitakavyomwambia, kwamba mjomba wako mwenye ilimu ya hewa alikupotezea mke kwa kuposa kwa farasi. Nikainamisha macho tena, safari hii bila kufundishwa na mtu. Mwenye duka, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, alinishika mkono tu.

Ndipo tukasikia kicheko. Kilitoka barazani, kicheko cha kizee, chenye kikohozi ndani yake. Ukungu ulipozidi kufunguka tukamwona, kwenye kiti, blanketi mabegani, kikombe mkononi. Pembeni yake bibi kizee alikuwa amejiinamia, anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Wafungulie," akasema mzee. Fundi akatutafsiria kwa kunong'ona.

"Baba, wamechelewa. Jua..."

"Sauti yao imefika nikiwa bado nafunga kamba za viatu. Kulikuwa na giza. Nimekaa hapa na chai yangu, nikasikia ukoo wangu wote, tangu babu wa babu, unasomwa kwa jirani. Mara tatu! Hakuna aliyeachwa. Tangu baba yangu afe sijasikia mtu akiyataja yote hayo kwa mpigo mmoja."

"Sauti si mtu, Baba."

"Wewe ulipokwenda kuposa, washenga wako walifika wazima wazima, mwili na viatu, na wakasahau jina la babu wa mkeo. Tukarudishwa. Umesahau? Mimi sijasahau. Fungua."

Baba mdogo akafungua. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza mzee kupitia fundi: kama walitusikia, kwa nini hawakutuita?

"Mgeni haitwi, anapimwa," akajibu. "Halafu huyu mke wangu alitaka kujua farasi atawajibu nini."

Baadaye, nikinywa chai, nilielewa ilivyokuwa. Hewa baridi ikilala bondeni, yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko. Sauti inayotaka kupanda hupindishwa irudi chini, ikateleza juu ya ardhi hadi mbali. Kilekile kilichouzaa ukungu na kutuficha lango ndicho kilichobeba sauti ya fundi hadi barazani kwa mzee. Sikuwaeleza, maana mwenye duka alikuwa amenitazama kwa namna ya kuniomba nisianze.

Mzee alikuwa na sharti moja. "Farasi wa jirani amesifiwa kabla yangu, ndani ya masikio yangu. Mtanisifu upya, kwa sauti ileile, na msiruke mtu."

Fundi akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Basi ikabaki mimi na nusu yangu, na mwenye duka na mwanzo na mwisho wake. Tukasimama katikati ya uwanja, jua usoni, tukaanza. Pale tuliposahau, fundi alituonyesha kwa ishara: pembe za ng'ombe, mto, mkuki. Mwenye duka aliwavukisha mababu mto mmoja mara mbili. Bibi kizee akaomba apelekwe ndani maana mbavu zinamuuma. Hata baba mdogo alitazama pembeni, na niliona mashavu yake yanapigana na mdomo.

Habari za ng'ombe na yaliyofuata ni siri ya wakwe. Nitasema tu kwamba tulipoketi ni yeye, yule baba mdogo, aliyenimiminia chai, akauliza kwa Kiingereza ninatia sukari kiasi gani, nami nikajua tumeingia.

Nikaenda kando kumpigia kijana.

"Wamefungua," nikamwambia.

Nikasikia pumzi yake, na nyuma yake sauti ya mke wangu akiuliza, wamesema nini, wamesema nini, lete hiyo simu.

"Mjomba," akasema polepole, "una hakika ni nyumba yenyewe?"

Nikamwambia asubiri. Nikarudi barazani, nikamwomba mzee radhi, nikamuuliza jina la mjukuu wake. Akanitajia. Lilikuwa ndilo. Nikalirudia kwenye simu, na kijana wa watu, mpole yule ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Nikaha ilifungwa Mayfair. Mzee alikuja na blanketi lake, akaketi mstari wa mbele, na kwa heshima alishusha macho mbele ya sheikh muda wote, hata sheikh akaniuliza kama mgeni wetu amelala.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mola akutangulie njiani siku usiyoona hatua ya pili. Akupe wenzi ambao hawatakucheka kabla hujajicheka mwenyewe. Awahifadhi wazazi wako walio hai, awarehemu waliotangulia, awaoze wanao kwa watu wenye subira, na alifanye lango lako liwe la kufunguka kwa wageni. Amina.